Ngazi za Kufikiri: Usiangalie Kitenzi cha Swali, Angalia Kichwa cha Mwanafunzi

Asanteni sana, kaeni tu, na nyinyi wa nyuma kule kama hamnisikii semeni nipandishe sauti. Nimeambiwa nizungumze kuhusu ngazi za kufikiri za wanafunzi, na najua wengi humu mmeshakaa kwenye semina za jambo hili mpaka ngazi zote sita mnaweza kuzitaja mkiwa mmefumba macho, kwa hiyo sianzi na ngazi, naanza na hesabu.

Hesabu yenyewe hii hapa. Basi la jeshi linabeba wanajeshi 36. Kuna wanajeshi 1128 wanatakiwa kusafirishwa. Yanahitajika mabasi mangapi?

Pigeni kichwani au kwenye simu, vyovyote. Ukigawanya 1128 kwa 36 unapata 31, baki 12. Swali hili waliwahi kupewa vijana wa miaka 13 Marekani, kwenye upimaji wao wa kitaifa, matokeo yakachapishwa 1983, na naomba hizi namba mzisikilize vizuri. Karibu asilimia 70 ya wale vijana waligawanya sawasawa, yaani kugawanya wanajua, hapo hamna shida. Lakini waliojibu mabasi 32 walikuwa asilimia 23 tu. Asilimia 29 waliandika "31 baki 12". Wengine asilimia 18 wakaandika 31 tu, wale wanajeshi 12 waliobaki hakuna aliyewafikiria wanasafiri na nini.

Hebu fikirieni, mtoto anaandika yanahitajika mabasi 31 baki 12. Baki 12 ya nini? Basi linabakije? Angejiuliza sekunde moja tu angeona jibu lake halina maana, lakini hajajiuliza, kwa sababu kichwani mwake hakuna basi wala mwanajeshi, kuna namba mbili na kuna alama ya kugawanya, na akishamaliza kugawanya kazi imeisha.

Kuna lingine la Ufaransa, hili linajulikana sana kwa watu wa hisabati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Grenoble waliwapa watoto wa shule ya msingi swali hili: kwenye meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je nahodha ana umri gani? Watoto walikuwa 97, na 76 kati yao walitoa jibu. Wengi walijumlisha wakapata miaka 36. Na ukiangalia 36 ni umri unaofaa kabisa kwa nahodha, kwa hiyo mtoto anaona amepatia.

Sasa kuna mtu ataniambia hao watoto ni wazito. Hapana jamani. Hao watoto wana akili na wamefikiri vizuri tu, isipokuwa walichokuwa wanakifikiria ni sisi walimu. Wameshajifunza kwamba swali la mwalimu lazima lina jibu, kwamba namba zote zilizo kwenye swali lazima zitumike, kwamba ukikaa kimya unakosa maksi na ukiandika kitu unaweza kupata hata nusu. Hayo yote hawakuzaliwa nayo, wameyapata darasani, na wameyapata kwa sababu maswali tunayowapa miaka na miaka yako hivo. Mtoto wa miaka mitatu ukimwambia kitu kisichoeleweka anakuuliza kwa nini mpaka unachoka, huyohuyo akifika miaka tisa anakupigia hesabu ya umri wa nahodha bila hata kukunja uso.

Ndo maana nasema jambo la ngazi za kufikiri sio la kujaza kwenye andalio la somo ili mkaguzi akija aone lipo, ni jambo la nini kinatokea kichwani mwa mtoto tunapomuuliza.

Tupite kwenye historia haraka haraka maana inasaidia kuelewa tulipopotelea. Mwaka 1948 walimu wa vyuo vikuu vya Marekani wenye kazi ya kutunga mitihani walikutana Boston, pembeni ya mkutano mkubwa wa wanasaikolojia. Walikuwa na shida ya kawaida kabisa ya watunga mitihani: kila chuo kinatunga maswali yake kutoka mwanzo, sasa kwa nini tusigawane? Ila ili mgawane maswali lazima muwe na lugha moja ya kusema swali hili linapima kitu gani. Wakaendelea kukutana miaka kadhaa, na 1956 kikatoka kitabu kilichosimamiwa na Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago pamoja na wenzake wanne, kikiwa na mafungu sita: maarifa, ufahamu, matumizi, uchambuzi, usanisi (yaani kuunganisha vitu kuwa kitu kipya) na tathmini. Mwaka 2001 Lorin Anderson, aliyekuwa mwanafunzi wa Bloom, akiwa na David Krathwohl aliyekuwepo tangu kile kitabu cha kwanza, wakaongoza marekebisho, na haya ndo wengi tunayatumia leo: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini, kubuni. Kule juu ngazi mbili zilibadilishana nafasi, usanisi ikaitwa kubuni ikaenda kileleni na tathmini ikashuka moja.

Kuna kitu cha 2001 ambacho semina nyingi zinakiruka sijui kwa nini, na mimi nakiona kikubwa kuliko huko kubadilishana nafasi. Waliweka upande wa pili: aina za maarifa. Yaani huulizi tu mwanafunzi anafanya nini, unauliza anafanya nini na nini. Kuna taarifa moja moja, kuna dhana na jinsi zinavyohusiana, kuna njia za kufanya kitu, na kuna mtu kujua namna anavyofikiri yeye mwenyewe, kwamba hapa nimeelewa, hapa nadanganyika, hapa nirudi nyuma. Yule kijana wa mabasi alikuwa na njia ya kugawanya safi kabisa. Kilichokosekana ni hilo la mwisho, la kusimama na kujiuliza hivi hili jibu langu linaingia akilini?

Na ile piramidi ya rangi rangi tuliyobandika ukutani, kwenye kitabu cha 1956 haimo. Imechorwa na watu baadaye. Nalisema hili kwa sababu piramidi imetufundisha vitu viwili ambavyo havikuwa lengo la wale wazee: kwamba chini ni kubaya na juu ni kuzuri, halafu kwamba huwezi kugusa juu mpaka umalize chini. Nitavirudia vyote viwili.

Kwanza nimalizane na hili la vitenzi maana ndo ugonjwa mkubwa. Mnajua zile orodha. Ukitaka kupima kukumbuka andika taja, orodhesha, bainisha. Ukitaka kuelewa andika eleza, fafanua. Ukitaka kuchanganua andika linganisha, tofautisha. Ukitaka kileleni andika buni, tunga. Sasa mtunga mtihani anachukua maswali yake yaleyale, anafuta "taja" anaandika "changanua", anahesabu asilimia ngapi ziko juu na ngapi ziko chini, jedwali la mtihani linatoka limependeza kweli. Mwanafunzi naye akikaa kwenye chumba cha mtihani anaona "changanua sababu za vita ya kwanza ya dunia" na anaandika zile sababu nne alizomeza kwenye notisi, neno kwa neno, anatema, anapewa maksi zote. Amechanganua nini huyo?

Ngazi haikai kwenye kitenzi. Inakaa kichwani mwa anayejibu, na inategemea kitu kimoja ambacho karatasi ya mtihani haikionyeshi, ambacho ni: huyu mwanafunzi hili ameshaliona au hajaliona?

Niwape mfano tuufuate mpaka mwisho. Mmefundisha habari ya maji kukauka, kugeuka mvuke. Mmesema joto linaharakisha, upepo unaharakisha, eneo la maji lililo wazi likiwa kubwa yanakauka upesi, na hewa ikiwa na unyevu mwingi yanachelewa. Sawa. Swali la kwanza ni taja vitu vinavyoharakisha maji kukauka, hilo la kukumbuka, halina ubaya wowote. Swali la pili, una maji kiasi kilekile kwenye sahani na kwenye chupa, yapi yatakauka kwanza na kwa nini, hapo mtoto anachukua kanuni anaipeleka kwenye kitu. Sasa la tatu sikilizeni. Mwanafunzi mmoja alianika vitambaa viwili vilivyolowa sawa. Kimoja alikikunja akakiweka juani mahali pasipo na upepo, kingine akakitandaza kivulini penye upepo. Kile cha kivulini kikakauka kwanza, akaandika: jua halisaidii nguo kukauka. Amekosea wapi?

Hili swali halina changanua wala tathmini wala neno lolote kubwa. Limeuliza amekosea wapi, basi. Lakini ili ulijibu lazima uone kwamba huyu amebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, jua, upepo na kukunja, kwa hiyo hawezi kujua ni kipi kimeleta tofauti, pengine jua lilisaidia sana ila upepo na kutandaza vikalizidi nguvu. Na ukishaona hapo la nne linakuja lenyewe: basi panga wewe jaribio litakaloonyesha kama upepo peke yake unasaidia. Mtoto ataweka vitambaa viwili sawa, vimelowa sawa, vimetandazwa sawa, mahali pamoja, kimoja apepee na kingine aache. Hapo amebuni kitu.

Lakini ngoja. Kama jaribio hilohilo mlishalifanya wiki iliyopita, mkaliandika kwenye daftari na hatua zake zote, halafu kwenye mtihani ukaandika "buni jaribio litakaloonyesha upepo unaharakisha kukauka", basi umeuliza swali la kukumbuka. Maneno yaleyale, kitenzi cha kileleni kabisa, na mtoto anafungua kumbukumbu anatoa. Na lile swali jepesi la sahani na chupa, kwa mtoto ambaye hajawahi kukutana nalo linaweza kuwa ni kufikiri kwa jasho kabisa.

Hili sio la kwangu. Bloom na wenzake wameliandika kwenye kitabu chao cha 1956, kwamba huwezi kusema swali liko ngazi gani mpaka ujue, au angalau ukadirie, mwanafunzi alishapitia nini kabla. Walilisema wakati huohuo wanazitoa ngazi. Sisi tukachukua ngazi tukaacha hilo, tukabaki na orodha ya vitenzi.

Sasa nirudi kwenye piramidi, lile la chini ni kubaya. Nasikia siku hizi watu wanasema kukariri kumepitwa na wakati, kila kitu kiko kwenye intaneti, tufundishe watoto kufikiri tu. Nalipinga hili kwa nguvu zangu zote, na nalipinga kwa sababu nawapenda hao watoto. Huwezi kufikiri na kichwa kitupu. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon walifanya jaribio na wachezaji wa sataranji, wengine mnaita chesi. Unaonyeshwa ubao wenye mchezo unaoendelea kwa sekunde 5, unafunikwa, halafu upange kete kama ulivyoziona. Bingwa alirudisha kete nyingi mno, anayeanza akarudisha chache tu. Ungesema basi bingwa ana kumbukumbu ya ajabu. Wakafanya tena, safari hii kete zimetawanywa ovyo ubaoni, sio mchezo wa kweli. Tofauti yote ile karibu ikaisha, bingwa na mwanagenzi wakawa wanakaribiana.

Mnaona maana yake? Bingwa hana ubongo mkubwa, ana michezo mingi sana ndani yake, kwa hiyo akiangalia ubao haoni kete 25, anaona vikundi vichache anavyovifahamu. Na hii ni muhimu kwa sababu nafasi ya kushika mambo kwa wakati mmoja kichwani ni ndogo kwa kila binadamu. George Miller aliandika 1956, mwaka uleule wa kitabu cha Bloom, akasema ni kama vitu saba, viwili kuongeza au kupunguza, na waliofuata wakashusha mpaka kama vinne. Sasa mtoto ambaye 7 mara 8 bado anaihesabu kwa vidole, ukimpa swali la sehemu lenye hatua tano, vidole vyake vimeshakula nafasi yote, hana pa kuwekea swali lenyewe. Ukimwambia "fikiri!" unamwonea. Anayeijua 7 mara 8 bila kuitafuta ndo ana nafasi ya kujiuliza hili jibu linaingia akilini?

Kwa hiyo kukumbuka sio ngazi ya kupita na kuiacha. Inafanya kazi ndani ya zile zote za juu, muda wote. Na tena hata hiyo kukumbuka yenyewe wengi tunaifanyia kazi vibaya. Mwanafunzi anasoma notisi, anarudia, anarudia, anapiga mistari ya rangi, anahisi ameelewa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichukua wanafunzi wa chuo, wengine wakasoma kifungu kisha wakakirudia kukisoma, wengine wakasoma mara moja kisha wakafunika na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: waliofunika wakajiuliza walikumbuka kama asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Tena hawakuambiwa wapi wamekosea, ile kazi tu ya kujichokonoa kichwani ndo iliyosaidia. Hii haina gharama, dakika tatu za mwanzo wa kipindi, madaftari yamefungwa, kila mtu aandike tulichofanya juzi. Basi.

Na lile la pili la piramidi, kwamba umalize chini kwanza. Kuna walimu wema kabisa wanasema darasa langu ni dhaifu, hawa waache kwanza wakariri, maswali ya kufikiri tutawapa wakishakuwa sawa. Na hawawi sawa, kwa hiyo maswali hayaji, miaka inakwisha. Hili linaniuma kweli. Mtoto anayepewa vya kumeza tu kila siku ndo huyohuyo tunamlaumu baadaye kwamba hana udadisi. Lile swali la vitambaa unaweza kulitoa siku ileile ya kwanza uliyofundisha upepo na jua, na nakwambia wakishabishana juu ya yule mwenzao aliyekosea, vile vitu vya kutaja watavitaja bila kulazimishwa kwa sababu wamevitumia.

Niguse hii ya kutumia maana watu wanadhani ni ngazi rahisi, ipo chini chini. Kumbe inaweza kuwa ngumu kuliko zote. Kuna fumbo la zamani la mwanasaikolojia Karl Duncker: mgonjwa ana uvimbe tumboni ambao hauwezi kupasuliwa. Kuna mionzi, ikiwa na nguvu inaua uvimbe lakini inaua na nyama nzima inayopitia, ikiwa hafifu haidhuru nyama lakini uvimbe nao haufi. Ufanyeje? Jibu ni kupiga mionzi hafifu kutoka pande nyingi kwa pamoja zikutane kwenye uvimbe. Mwaka 1980 Mary Gick na Keith Holyoak waliwapa watu kwanza hadithi ya jemadari anayetaka kuteka ngome, barabara zote zimetegwa mabomu yanayolipuka jeshi kubwa likipita, akagawa jeshi vikosi vidogo vidogo wakapita barabara tofauti wakakutana ngomeni. Ni wazo lilelile kabisa! Halafu wakapewa fumbo la mgonjwa. Wasiosoma hadithi, kama mmoja kati ya kumi alipata. Waliosoma hadithi ikawa kama watatu kati ya kumi. Lakini walipoambiwa tu "ile hadithi inaweza kukusaidia", robo tatu hivi wakapata.

Yaani watu wazima, wamesoma hadithi dakika chache zilizopita, jibu wanalo mfukoni, na wengi hawalitoi mpaka mtu awaambie angalia mfukoni. Sasa sisi tunafundisha uwiano kwenye hisabati mwezi wa pili na tunashangaa mwezi wa sita mwanafunzi hautambui kwenye ramani ya jiografia, hautambui kwenye kemia. Hatautambua mwenyewe, au wachache tu ndo watautambua. Kinachosaidia ni kuweka mifano miwili ya sura tofauti pamoja na kuuliza hivi vinafanana nini ndani, ramani na kemia ubaoni siku moja, na kuwaacha wao watafute. Ni kazi, inakula muda, na ni muda unaolipa.

Sasa kwenye kusahihisha. Mmoja wenu aliniuliza pale nje kabla hatujaanza, kwamba kama ngazi iko kichwani mimi nitaionaje? Utaiona kwenye jibu. John Biggs na Kevin Collis walitoa mpangilio wao 1982 ambao hauangalii swali kabisa, unaangalia jibu limejengwaje, na kwa kusahihisha mimi naupenda kuliko wa Bloom. Uliza: kwa nini barafu inaelea kwenye maji? Mmoja atasema kwa sababu ni ya baridi, huyo hajaligusa swali. Mwingine, kwa sababu ni nyepesi, ameshika kitu kimoja. Mwingine atakupa orodha, maji yakiganda yanatanuka, barafu ni ngumu, densiti yake ni ndogo, vitu vya kweli vyote ila vimekaa kila kimoja peke yake. Halafu kuna atakayeviunganisha: maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, masi ni ileile lakini sasa iko ndani ya ujazo mkubwa zaidi, kwa hiyo densiti inashuka chini ya ile ya maji, kwa hiyo inaelea. Huyu "kwa hiyo" zake zinafanya kazi. Na anaweza kutokea mmoja akaendelea akasema ndo maana ziwa la nchi za baridi linaganda juu na samaki wanaishi chini yake, na kwamba kimiminika ambacho kikiganda kinasinyaa badala ya kutanuka, kipande chake kitazama. Huyo ametoka nje ya swali na kanuni mkononi.

Ona sasa, swali lilikuwa moja. "Kwa nini". Watoto watano wamejibu kwenye ngazi tano. Ukiwapa wa tatu na wa nne maksi sawa kwa sababu pointi zote zimo kwenye mwongozo wa kusahihishia, wa nne ataacha kuunganisha, maana kuunganisha hakulipi. Hapo ndo tunapoua. Wekeni maksi kwenye "kwa hiyo". Hata mbili tu, na waambieni mapema kwamba zipo.

La darasani lingine nalisema kifupi, ni kusubiri. Mary Budd Rowe alipima miaka ya 1960 na 70 walimu wanasubiri muda gani baada ya kuuliza swali. Wastani ulikuwa kama sekunde moja! Sekunde moja inatosha kukumbuka jina la mto, haitoshi kuona yule wa vitambaa amekosea wapi. Walimu waliofundishwa kusubiri sekunde 3 na zaidi wakaona majibu yanakuwa marefu, wanaosema sijui wanapungua, na wale watoto wasionyoosha mkono wakaanza kunyoosha. Tena subirini na baada ya jibu, msidakie hapohapo "vizuri sana", maana ukishasema vizuri darasa zima limefunga hesabu. Mwache mwenzake aseme anakubali au hakubali, na kwa nini.

Najua mtasema silabasi ndefu na mtihani wa mwisho unauliza vya kumeza. Kweli silabasi ni ndefu, sitawadanganya. Lakini sijaomba muongeze mada hata moja. Nimeomba swali moja kwa kila kipindi ambalo jibu lake halimo kwenye daftari, mtoto ana kila kitu cha kulijibu ila hajawahi kuliona. Na likishatumika limekwisha, mwaka kesho kwa hao hao usilirudie ukaliita la kuchanganua, litengeneze upya, kwenye tanki la maji, kwenye jani, kwenye jasho. Kufanya pasti pepa mara kumi kunamfundisha mtoto pasti pepa, na siku mtunga mtihani akibadilisha sura ya swali huyo mtoto anakwama, tena wale wenye bidii ndo wanakwama vibaya kwa sababu walimeza zaidi.

Mliombwa mje na mtihani wa mwisho mliotunga nyinyi wenyewe. Utoeni sasa, chukueni na kalamu ya rangi tofauti. Kaeni wawili wawili wa somo moja. Msiangalie vitenzi kabisa. Kwa kila swali mwambie mwenzako: hili, au linalofanana nalo kama pacha, wanafunzi wangu walishaliona darasani, kwenye notisi au kwenye zoezi? Kama ndiyo, weka duara. Mkimaliza jumlisheni maksi za maswali yenye duara na mziandike juu kulia, pembeni ya lile jedwali la asilimia za ngazi mlilojaza wakati mnatunga. Tuna dakika ishirini na tano, halafu tutachagua swali moja lenye duara kwa kila somo tuligeuze hapa hapa ubaoni.